Mali Itupwayo

Msafiri atokaye Mombasa kwenda bara, akiisha kuzipita Mariakani na Samburu, huingia katika nyika ya Taru. Minazi humwacha, miembe humwacha, na mbele yake haoni ila vichaka vya miiba, vichuguu vya mchwa na udongo mwekundu. Katika nyika hiyo, kabla hajafika Voi, ndimo ilimo Miasenyi. Wachukuzi wa misafara ya zamani waliiogopa nchi hii kuliko walivyoogopa simba, maana simba huonekana mara moja moja, lakini kiu ilikuwapo kila siku. Wajenzi wa reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 walipata taabu hiyo hiyo. Ilikuwa lazima maji ya kunywa yaletwe kutoka nyuma yao. Katika miaka ya 1950 bomba lilitandazwa kuchukua maji ya chemchemi za Mzima hadi Mombasa, na mwaka 2017 reli mpya ilianza kupitisha abiria, Miasenyi ikapata kituo chake. Walakini mvua haikuongezeka kwa ajili ya reli, wala udongo haukunenepa kwa ajili ya bomba.

Mkulima wa nchi kama hii ana haja mbili kubwa: maji na rutuba. Mwenye ng'ombe au mbuzi hupata samadi katika zizi lake. Asiye na mifugo hana budi kwenda dukani Voi kununua mbolea ya chumvichumvi. Huenda akanunua gunia la mbolea iitwayo yurea. Hulilipia fedha alizozitafuta kwa jasho, akalipandisha garini, akarudi nalo nyumbani. Yamkini hajui kwamba jina la mbolea ile limetoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya mkojo, na kwamba kitu kilichomo ndani ya gunia lile ndicho kile kile ambacho yeye na jamaa yake hukimwaga kila siku nyuma ya nyumba. Amenunua kwa fedha mfano wa kitu alichokitupa bure.

Msomaji asicheke, wala asikunje uso. Jambo hili lina habari ndefu, nayo ni habari ya elimu, ya ugonjwa na ya huruma. Mwisho wake ni swali litupasalo sisi wa leo: ikiwa mkojo ni mbolea, tufanyeje na dawa tunazozimeza tukiwa wagonjwa, ambazo nazo hutoka humo humo?

Tuanze kwa hesabu. Mtu mzima hutoa mkojo upatao lita 1 hadi lita 1 na nusu kwa siku, nazo ni kiasi cha lita 500 kwa mwaka. Ndani yake mna vitu vitatu vikuu ambavyo mimea huvihitaji: nitrojeni, fosforasi na potasiamu. Nitrojeni peke yake hupata kilo 2 hadi kilo 4 kwa mtu mmoja kwa mwaka, kwa kadiri ya chakula alacho. Tukichukua kilo 2 na nusu, jamaa ya watu 5 hutoa kilo 12 na nusu. Gunia la kilo 50 la mbolea iitwayo CAN, ambayo wakulima wa Kenya huitumia kukuzia mahindi, lina kilo 13 za nitrojeni. Basi jamaa ile humwaga kila mwaka karibu gunia zima. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujaa bila mtu kukiona.

Aliyekuwa wa kwanza kupata kitu cha ajabu katika mkojo hakutafuta mbolea, alitafuta dhahabu. Hennig Brand, mtu wa mji wa Hamburg katika Ujerumani, aliona rangi ya manjano akadhani imetiwa na dhahabu. Mwaka 1669 alikusanya mkojo mwingi, akauchemsha hata ukawa mzito, akauunguza kwa moto mkali. Dhahabu hakuipata. Alipata kitu cheupe kama nta, kilichong'aa gizani. Kitu hicho kikaitwa fosforasi, maana yake mchukua nuru. Brand hakujua kwamba amekishika kitu ambacho bila yake mmea hauoti wala mfupa haukui.

Zaidi ya miaka 100 ilipita. Mwaka 1773 Mfaransa Hilaire Rouelle aliipata yurea katika mkojo, na mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler akaitengeneza katika chumba chake cha kazi, bila mtu wala mnyama. Tendo hili liliwashangaza wataalamu, kwa sababu wengi wao waliamini kwamba vitu vitokavyo katika mwili ulio hai haviwezi kufanywa ila na mwili ulio hai. Hata hivyo yurea haikuwa bado mbolea ya dukani. Ilikuwa ni lazima kwanza ipatikane nitrojeni kwa wingi na kwa bei nafuu.

Zamani hizo mataifa mengi hayakuwa na shaka juu ya thamani ya taka za mwili. Katika Uchina na Japani, taka za vyooni zilikusanywa mijini zikauzwa kwa wakulima wa vijijini, na nchi ile ile ikalimwa kizazi baada ya kizazi. Mjini Edo, ambao sasa waitwa Tokyo, ilikuwa ni biashara yenye bei zake na magomvi yake. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 Fritz Haber aligundua njia ya kuichukua nitrojeni katika hewa, Carl Bosch akaikuza njia hiyo, na kiwanda cha kwanza kikafunguliwa Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Tangu hapo mbolea ilitoka kiwandani. Miji nayo ilijenga mifereji ya kuchukua uchafu mpaka mitoni na baharini, na jambo hilo liliwaokoa watu wengi na kipindupindu. Hatuna haki ya kulidharau. Walakini mkojo ulisahauliwa kuwa mali. Ukabaki kuwa uchafu tu.

Sasa na tuigeukie habari ya dawa. Mtu akimeza dawa, mwili huitumia kadiri uwezavyo. Ini huibadili sehemu yake, na figo huitoa katika damu na kuitia katika mkojo. Dawa nyingine hutoka zimevunjika, nyingine hutoka karibu kama zilivyoingia. Tabia hii ya figo ilionekana wazi katika habari moja ya huzuni.

Mwezi wa Februari 1941, katika hospitali ya Radcliffe mjini Oxford, Uingereza, alikuwa amelazwa polisi aitwaye Albert Alexander. Alikuwa na jeraha usoni lililoingiwa na vijidudu hata uso wake ukavimba kwa majipu, jicho moja likalazimika kutolewa, na mapafu yake yakapatwa. Wakati huo Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley walikuwa wakiishughulikia dawa mpya, penisilini, itokanayo na ukungu ambao Alexander Fleming aliugundua mwaka 1928. Tarehe 12 Februari mgonjwa alichomwa sindano ya kwanza. Homa ikashuka, uvimbe ukapungua, hamu ya chakula ikamrudia. Wote waliomwona walifurahi. Lakini dawa ilikuwa chache mno. Ulimwengu mzima haukuwa na nyingine.

Waganga wale walijua kwamba penisilini hupita upesi katika figo. Basi walikusanya mkojo wa mgonjwa, wakaupeleka kwa baiskeli mpaka chumba cha kazi, dawa ikatolewa humo ikasafishwa, ikarudishwa hospitalini, naye akachomwa tena dawa iliyokwisha kupita mwilini mwake. Kila mara kilichopatikana kilikuwa pungufu ya kilichotangulia. Siku chache baadaye dawa ikaisha kabisa. Ugonjwa ukarudi kwa nguvu, na tarehe 15 Machi 1941 polisi yule akafa.

Yafaa tuikumbuke habari hii. Watu wale hawakuuona mkojo kuwa aibu. Waliona ndani yake uhai wa mtu, wakajitahidi kuuchuja. Kwa muda wa siku chache waliitenga dawa na mkojo ili mgonjwa aipate. Sisi wa leo twataka kuitenga dawa na mkojo ili udongo usiipate. Makusudi yamegeuka, lakini kazi ni ile ile, na huruma ipasayo kuiongoza ni ile ile.

Baada ya vita kuu ya pili, dawa zilizidi kuwa nyingi na rahisi. Kilichotolewa kwa matone mjini Oxford kikapatikana katika zahanati za vijijini. Maelfu kwa maelfu waliokuwa wafe wakapona. Lakini hakuna aliyeuliza dawa zinakwenda wapi zikiisha kufanya kazi. Katika miaka ya 1990 wapimaji wa maji mjini Berlin walikuta ndani ya maji ya ardhini mabaki ya dawa ya kupunguza mafuta katika damu, ambayo hakuna mtu aliyeitia kisimani. Ilipita mwilini mwa watu, ikapita mfereji wa maji machafu, ikafika huko. Mwaka 2004 wataalamu walieleza sababu ya kufa kwa tumbusi katika Pakistani: ndege hao walikula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki, na figo zao zikaharibika. Dawa hiyo haikupitia katika mkojo, ni kweli. Lakini mfano wake watufundisha kwamba dawa iliyomfaa mmoja yaweza kumwua mwingine ambaye haikukusudiwa kwake. Mtu wa Voi, ambaye huwaona tumbusi wakizunguka juu ya mbuga ya Tsavo, aweza kufahamu hasara hiyo kuliko mtu wa mjini.

Kwetu nako uchunguzi umefanywa. Taarifa zilizochapishwa mwaka 2012 na mwaka 2016 zilionyesha kwamba katika maji ya mto Nairobi na vijito vyake mna mabaki ya dawa za kuua vijidudu na dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Katika mtaa wa Chunga, mjini Lusaka, Zambia, watafiti walipima mkojo wenyewe, uliokusanywa katika vyoo vinavyoutenga na kinyesi, na taarifa yao ikatoka mwaka 2020. Dawa zile zile zilikuwamo, kwa kiasi kikubwa kuliko kilichomo katika mto. Si ajabu. Dawa ya lamivudini, ambayo hunywewa kila siku na watu wengi waishio na virusi hivyo, hutoka kwa njia ya figo sehemu ipatayo 7 katika 10 bila kubadilika. Dawa za vijidudu ambazo wagonjwa wengi huziita septrini nazo hutoka zaidi kwa njia ya figo.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo letu. Ikiwa mabaki haya yatamwagwa shambani mwaka baada ya mwaka, hofu ya kwanza ni kwamba vijidudu vya udongoni vitazoea dawa, na mazoea hayo yaweza kupita kwa vijidudu viletavyo ugonjwa. Mtoto akiugua, dawa haitamsaidia. Hofu ya pili ni kwamba mboga zaweza kuvuta dawa kwa mizizi. Katika jimbo la Vermont, Marekani, taasisi iitwayo Rich Earth Institute pamoja na vyuo vikuu vilijaribu kukuza mboga kwa mkojo, wakakuta kwamba kiasi kinachoingia katika mboga ni kidogo mno. Hiyo ni faraja, lakini faraja si ruhusa ya kulala, kwa sababu haba na haba ijazayo kibaba cha mbolea ndiyo hiyo hiyo yaweza kujaza kibaba cha mabaki.

Lakini iko hofu ya tatu, ambayo haipimwi kwa vyombo. Ni hofu ya kwamba watu watamnyoshea kidole mgonjwa. Watasema: fulani anywa dawa, mkojo wake usikaribie shamba letu. Mgonjwa akisikia hayo, huenda akaacha dawa ili asionekane, na akiacha dawa atakufa. Neno hili na lisemwe wazi: mtu anywaye dawa hakufanya kosa. Kuinywa ni wajibu wake kwa nafsi yake na kwa wanawe. Kazi ya kuyaondoa mabaki si yake yeye. Ni kazi ya elimu, na elimu ni mali ya watu wote. Njia njema ya kusafisha mkojo ni ile isiyouliza ni wa nani.

Je, njia hiyo ipo? Zipo kadha, kila moja ina nguvu yake na upungufu wake.

Ya kwanza ni kuuweka. Mkojo ukitiwa katika chombo kilichofunikwa vema, yurea yake huvunjika ikawa amonia, ile harufu kali itokayo vyooni, na amonia huua vijidudu vya magonjwa. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mwongozo wake wa mwaka 2006, lilishauri kwamba mkojo uliokusanywa kwa watu wengi ukiwekwa miezi 6 katika joto la nyuzi 20 au zaidi, wafaa kwa mazao yote. Joto kama hilo si haba katika nyika ya Taru. Walakini kuuweka huua vijidudu tu. Dawa nyingine hupungua, nyingi hubaki. Mtu asidhani kwamba kilichokufa harufu au vijidudu kimekuwa safi kwa kila hali.

Ya pili ni kuzitenga chumvi. Mkojo uliokaa ukitiwa magnesi, fosforasi yake na sehemu ya amonia hushikamana zikawa chembe nyeupe zizamazo chini ya chombo. Chembe hizi huitwa struviti. Zikichujwa na kukaushwa huwa mbolea ya unga, rahisi kubeba. Jambo jema ni kwamba dawa karibu zote hubaki katika maji, haziingii katika chembe. Tena magnesi si kitu cha kuagizwa mbali: imo katika maji machungu yabakiayo baada ya chumvi ya bahari kuvunwa, kama inavyovunwa huko Gongoni, kaskazini ya Malindi. Upungufu wa njia hii ni kwamba nitrojeni nyingi hubaki ndani ya maji pamoja na dawa.

Ya tatu ilijaribiwa mjini Nairobi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walifanya kazi pamoja na shirika la Sanergy, lenye vyoo katika mitaa ya watu wengi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Mkojo ulipitishwa katika bomba lililojazwa chembe zinazoikamata amonia na kuacha vitu vingine vingi vipite. Kisha chembe zikasafishwa kwa asidi ya salfa, na kilichotoka kikawa salfeti ya amonia, mbolea ambayo wakulima wetu wameizoea tangu zamani kwa jina la S.A.

Ya nne ndiyo iliyofika mbali zaidi. Wataalamu wa Eawag, taasisi ya maji ya Uswisi, walishirikiana na mji wa Durban na Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal katika Afrika Kusini. Mji huo ulikuwa umewajengea watu wa pembezoni makumi elfu ya vyoo vinavyotenga mkojo na kinyesi, visivyohitaji maji. Kazi yao ikaitwa VUNA. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa neno hilo. Wazulu nao husema vuna, kwa maana ile ile. Kwanza mkojo hupewa vijidudu vyema ambavyo huigeuza nusu ya amonia kuwa naitreti, hata harufu ikaisha na nitrojeni isiruke hewani. Pili hupitishwa katika mkaa maalumu, na mkaa huyakamata mabaki ya dawa. Tatu maji huvukizwa, kikabaki kiasi kidogo kuliko sehemu moja ya kumi ya kile cha kwanza. Mbolea ipatikanayo iliitwa Aurin, na mwaka 2018 serikali ya Uswisi iliipa ruhusa itumiwe kwa mimea iliwayo na watu. Hivyo jambo lililodhaniwa ni la ndoto likapata hati ya serikali.

Tusimame kidogo katika habari ya mkaa, kwa maana huo twaujua. Tangu mwaka 1785, Tobias Lowitz, mtengeneza dawa wa mji wa St. Petersburg katika Urusi, alionyesha kwamba mkaa huondoa rangi katika maji maji yaliyochafuka. Sababu yake ni kwamba chembe ya mkaa imejaa vitundu vidogo visivyoonekana, na kuta za vitundu hivyo, kama zingekunjuliwa, zingeenea uwanja mpana. Dawa ikipita hugandama ukutani. Mkaa ukipigwa na mvuke katika moto mkali, vitundu huzidi na nguvu huongezeka. Katika vita kuu ya kwanza, askari walipopigwa kwa hewa ya sumu, mkaa uliopendwa sana kwa vifuniko vya uso ulikuwa ule wa vifuu vya nazi, kwa sababu ni mgumu na vitundu vyake ni vyembamba. Hata leo vifuu hutengenezewa mkaa wa kusafishia maji. Basi kifuu, ambacho pwani yetu hutupwa jaani au hutiwa jikoni, kina uwezo wa kuilinda ardhi ya bara. Watafiti wengine wamejaribu mkaa wa kawaida zaidi, wa mianzi na wa vifuu, usiopigwa mvuke, wakaona kwamba nao huondoa dawa katika mkojo, ijapokuwa huhitajika kwa wingi zaidi. Mkaa ukishiba lazima ubadilishwe, na ule ulioshiba usitupwe ovyo bali uchomwe katika moto mkali sana. La sivyo tutakuwa tumeihamisha taka, hatukuiondoa.

Baada ya mwendo huu mrefu, turudi Miasenyi. Haba ya maji ya nchi hii yafundisha kwamba choo kinachohitaji ndoo ya maji kila mara si rafiki wa mwenye kiu. Choo kinachotenga mkojo na kinyesi bila maji kina nafasi yake hapa. Lakini nchi kavu ina sharti lake. Mkojo una chumvi, na mahali ambapo mvua ni chache chumvi hukaa juu ya udongo ikaudhuru. Kwa hiyo mwenye busara hutumia kidogo, hukifukia udongoni karibu na shina, hungoja majira ya mvua, wala hamwagii majani. Aanzie katika miti, malisho na mazao yasiyoliwa mabichi. Kunde na pojo hazihitaji sana nitrojeni ya kuongezewa; mahindi na mtama huishukuru. Asidanganywe na mtu amwambiaye kwamba mkojo ni dawa ya kila shamba, wala asidanganywe na yule amwambiaye kwamba ni sumu tupu.

Wako pia watu ambao dini yao huuhesabu mkojo kuwa najisi. Hao wasidharauliwe wala wasifichwe. Kila mlaji ana haki ya kujua chakula chake kimekuzwa kwa nini, na kuuliza wanachuoni wake kabla ya kula. Jambo jema likiingizwa kwa siri huharibika. Likielezwa kwa uwazi hupata marafiki polepole.

Na nyinyi vijana mlio shuleni, mna sehemu yenu. Vitu vilivyotajwa humu si vigeni katika vitabu vyenu: figo mmezisoma katika elimu ya viumbe, amonia na naitreti katika kemia, hesabu ya kilo 12 na nusu hata mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya. Kinachohitajika ni mtu wa nchi kavu ayaunganishe mambo haya mahali pake, apime udongo wa kwao, apime mkojo wa kwao, na kuandika alichokiona kwa uaminifu. Uswisi haiwezi kutujulisha jinsi udongo mwekundu wa Taru unavyoishughulikia lamivudini katika mwaka wa ukame. Atakayetujulisha hilo huenda leo yuko katika shule iliyo karibu na reli.

Brand alitafuta dhahabu akapata nuru. Waganga wa Oxford walitafuta uhai wa mtu mmoja, wakamkosa, lakini kazi yao ikawaokoa wengine wasiohesabika. Wote hao walipata walichokipata kwa sababu hawakuona haya kuinama na kukichungulia kitu ambacho wengine walikigeuzia uso. Kitu kidharauliwacho hakipimwi, na kisichopimwa hakisafishwi. Mkulima wa Miasenyi ana haki ya kupata rutuba iliyo safi, na mgonjwa wa Miasenyi ana haki ya kunywa dawa yake bila ya aibu. Haki hizi mbili hazigombani, ikiwa kati yao patakuwa na watu wenye elimu na subira.